Jozi ya Tisa Niliyoitupa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka hadi harufu yake. Ilikuwa harufu ya sabuni ya unga na ya mashuka yaliyokataa kukauka kwa sababu ya mvua. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, katika chumba cha mashuka cha hoteli moja ya Diani ambayo sitaitaja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nina shahada ya hisabati ndani ya bahasha ya kaki, nami nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika karata mbili. Zote mbili zilikuwa tisa. Nikazitupa.

Basi, hilo ndilo kosa lenyewe. Ukiniambia kwamba ni jambo dogo sana kwa mtu kulibeba miaka yote hii, sitakubishia. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo mara nyingi, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikiwa kanisani, nikiwa naoga. Lakini nimekuwa mtu wa kufikiri kupita kiasi tangu utoto wangu, na mtu wa namna hiyo jambo dogo halimtoki kwa kuambiwa kwamba ni dogo. Kwa hiyo nisikilize, maana naona nawe umeanza kuwa na tabia hiyo, na nisingependa uirithi pamoja na madhara yake.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, watalii walipoikimbia pwani yetu. Hoteli zilizojaa Wajerumani na Waingereza zilibaki na vyumba vitatu vinne vyenye wageni, na nyingine zilifunga milango kabisa. Wazazi wangu walitoka bara wakapewa shamba huku pwani, serikali ilipokuwa ikigawa mashamba kwa wahamiaji, na waliuza ng'ombe ili mimi nisome. Nikasoma. Nikarudi na shahada, nikazunguka na bahasha yangu ofisi hadi ofisi kuanzia Ukunda hadi Mombasa, na kazi niliyoipata ikawa ya kibarua wa stoo hotelini, kazi ya kuhesabu vijiko na taulo. Wenzangu waliniita Msomi. Mwanzoni walinitania. Baadaye ikawa jina tu.

Sasa elewa jinsi vibarua tulivyokuwa tukiishi pale, kwa sababu kila kitu kinatokana na hapo. Kila siku uliyofanya kazi, ulipewa kadi moja ya manjano yenye muhuri wa hoteli. Kadi haikuwa na jina. Mwisho wa mvua, kabla ya msimu wa wageni, kila kibarua alipeleka kadi zake ofisini zikahesabiwa. Aliyekuwa na kumi au zaidi, jina lake lilibaki kwenye orodha na aliitwa kazini msimu ukianza. Aliyepungukiwa, jina lake lilikatwa kwa rula na kalamu nyekundu. Meneja hakutaka kujua nani amefanya kazi siku gani. Alitaka kadi.

Ukiwapa watu wasio na kazi ya kutosha karatasi zisizo na majina, wakiwa wamefungiwa na mvua, watazichezea. Sisi tulizichezea.

Mchezo ulikuwa poka, tulioachiwa na wageni pamoja na kofia na mafuta ya kujipaka. Kila mchezaji hupewa karata mbili, akazificha. Mezani hufunguliwa karata tatu ambazo ni za wote, kisha ya nne, kisha ya tano; mwenye jozi, yaani karata mbili za namba moja, humshinda asiye nayo, na mwenye tano zinazofuatana huishinda jozi. Kila zinapofunguliwa, mtu anaweza kuweka dau. Ukitaka kuendelea unaweka sawa na alichoweka yeye, na sisi tuliita hivyo kumfuata. Ukiogopa unatupa karata zako, naye anazoa vyote vilivyomo bila hata kukuonyesha alikuwa ameshika nini. Hapo ndipo penye sumu ya mchezo ule. Mtu aliyeshika takataka anaweza kushinda, mradi akutishe vya kutosha.

Na palikuwa na mtu aliyejua kutisha. Jina lake lilikuwa Tindo, mhudumu wa baa, kijana wa bara kama mimi, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita abiria. Tindo hakuweka dau. Alilipiga mezani kama anaua mende. Karata tatu zikifunguliwa, anaweka. Ya nne, anaongeza. Ya tano, anaongeza tena, huku akiimba, akikucheka, akikuuliza habari za mama yako. Wengi walitupa karata kabla ya ya tano. Mvua zilipokaribia kwisha, Tindo alikuwa na bunda la kadi za manjano lililofungwa kwa mpira, nene kama mkate.

Aliyeumizwa kuliko wote alikuwa Rama. Rama alitunza bustani. Alikuwa mtu wa Munje, mpole, amenizidi miaka kama sita, na alikuwa na mke na watoto mapacha ambao hawajaanza hata kutambaa. Alikuwa amefanya kazi siku nyingi kuliko mimi, lakini kila alasiri aliketi na Tindo akaacha kadi mbili, kadi tatu. Ilipofika wiki ile ya mwisho alikuwa amebaki na sita.

Kadi zilikuwa zihesabiwe Jumamosi asubuhi. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Rama alinifuata stoo akanikuta nikihesabu glasi.

"Msomi," akasema, "lile daftari lako bado unalo?"

Nilikuwa nalo. Mwanangu, usinicheke. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeketi pembeni nikiandika kila mkono, yaani kila duru ya mchezo, ambao Tindo aliweka dau mara tatu, na pale karata zilipofunguliwa niliandika alikuwa na nini. Wenzangu walidhani naandika barua. Na daftari lilisema wazi: Tindo akisukuma mara tatu mfululizo, mara mbili kati ya tatu hana kitu.

"Ninalo," nikamwambia.

Akatoa kadi zake sita mfukoni. Zilikuwa zimelowa jasho. "Mimi nikikaa mbele yake, naogopa natupa. Wewe una akili. Nichezee hizi. Mkono mmoja tu, ukipata wa maana."

"Na nikishindwa?"

"Ndugu yangu, sita si kumi. Sita ni sawa na sifuri. Nimeshashindwa tayari."

Shika maneno hayo. Mtu ambaye hakumaliza darasa la saba alinipa hesabu nzima katika pumzi moja, nami mwenye shahada sikuisikia.

Chumba cha mashuka kilikuwa chini ya Bi Mwanasha, mama wa makamo, mwenyeji wa Msambweni, aliyeajiriwa pale tangu hoteli ilipofunguliwa. Yeye hakuwa kibarua na hakuwa na kadi. Hakupenda kamari hata kidogo, na kila siku alitwambia hivyo. Lakini paa la chumba cha kupumzikia lilivuja na chumba chake kilikuwa kikavu, na roho yake ilikuwa nzuri kuliko maneno yake.

"Shikamoo, Bi," nikasema nikiingia.

"Marahaba, mwanangu. Hata wewe leo?" Alikuwa akikunja shuka, akaushika ule upande wa juu kwa kidevu. "Nilidhani wewe kazi yako kuandika."

"Leo anaandika kwa vitendo," akasema Tindo, naye ameshatandaza kitambaa juu ya sanduku. "Karibu, Profesa. Umekuja na za nani hizo? Mbona zinanuka mbolea?"

Rama alimpita tu. Alienda akaketi nyuma yangu, juu ya furushi la mashuka machafu.

Tulicheza mikono kadhaa nikitupa tu, bila kuweka kitu. Kisha nikapewa tisa mbili. Nikazifungua nizitazame mara ya pili. Mezani zikafunguliwa mfalme, sita na mbili.

Tindo akapiga kadi moja mezani. "Moja ya salamu."

Nikamfuata kwa moja.

Karata ya nne ikawa nne. Tindo akapiga kadi mbili. "Mbili za kukuaga. Nenda ukahesabu vijiko."

Nilimfuata kwa mbili. Nyuma yangu nilisikia Rama akivuta pumzi. Nilikuwa nimebakiwa na kadi tatu.

Ya tano ikawa malkia. Tindo akasimama, akainama juu ya sanduku hadi nikaona mshipa wa shingo yake, akaziweka kadi tatu moja moja. "Moja. Mbili. Tatu. Msomi, nitazame machoni. Mimi sina mchezo leo. Toa za watu au utupe."

"Nangoja," nikasema.

"Unangoja nini, feri? Hapa si Likoni. Weka au uondoke!"

Sasa, mwanangu, nikwambie yaliyopita kichwani mwangu, maana muda ulikuwa kama wa kunywa kikombe cha chai na ndani yake nilipitisha mwaka. Niliwaza: ana mfalme. Niliwaza: hana, daftari linasema hana. Niliwaza: lakini daftari ni la wiki tatu tu, na wiki tatu ni sampuli ndogo. Niliwaza: leo amesimama, na sikuandika hata siku moja kama husimama au huketi, kwa nini sikuandika? Niliwaza: malkia ameingia sasa hivi, labda malkia ndiye aliyemsaidia. Niliwaza: kadi hizi si zangu. Nikizipoteza zote nitamwambia nini Rama? Nikizirudisha tatu, angalau nitakuwa nimerudisha kitu. Nilimwona mkewe Rama ambaye sijawahi kumwona. Nilijiona nikimweleza.

Nikazitupa zile tisa, zimelala kifudifudi.

Tindo alicheka hadi akaketi. Hakulazimika kuonyesha chochote, lakini kumtisha mtu hakukumtosha. Alitaka pia mtu ajue ametishwa. Akageuza karata zake. Nane na saba. Alikuwa akingoja tano iunganishe mfululizo wake, na tano haikuja. Hakuwa na jozi. Hakuwa na kitu chochote.

"Profesa!" akasema, akikusanya kadi. "Asante kwa karo!"

Niligeuka nikampa Rama kadi tatu. Nikamwambia, "Pole. Hata mimi sikuwa na karata." Uongo huo niliutoa haraka sana, bila kuufikiri, mimi ninayefikiri kila kitu. Niliamini kwamba hakuna aliyeziona karata zangu. Rama alizitazama kadi tatu zile, akazikunja katikati, akazitia mfukoni. "Haina neno, Msomi," akasema. Akatoka kwenda kuchukua reki yake. Mvua ilikuwa imepungua, na kupitia dirishani nilimwona akikusanya majani kwenye nyasi za hoteli, polepole, kwa ustadi wake uleule, ingawa kwake kazi ile ilikuwa imekwisha.

Ungedhani nilijifunza hapo. Sikujifunza.

Sikulala vizuri, na asubuhi ya Ijumaa niliamka na hasira. Nilikuwa na kadi zangu kumi na moja, jina langu lilikuwa salama. Nikajiambia nitazichukua za Rama kwa Tindo na kumpelekea hadi Munje. Nikajiambia leo hanifukuzi mtu mezani. Kuna aina ya woga, mwanangu, ambayo ikiona aibu huvaa nguo za ushujaa, na kwa nje huwezi kuitofautisha. Hata aliyeivaa hawezi.

Rama hakuja kazini siku hiyo. Niliketi juu ya ndoo ileile. Katika mkono wa tatu nikapewa malkia na saba. Mezani zikafunguliwa ree, ile karata kubwa kuliko zote, kisha tano na kumi. Sikuwa na kitu. Tindo akaweka kadi moja, na leo hakuimba. Nikamfuata. Ikaja tatu. Akaweka mbili. Nikamfuata. Ikaja mbili. Akaweka tatu, taratibu, akanitazama kana kwamba ananionea huruma.

"Msomi," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "leo tupa. Nakwambia kama ndugu."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Jana nilikuwa nakudanganya. Leo sikudanganyi."

"Nimekufuata," nikasema, nikaziweka tatu.

Akafunua. Alikuwa na ree moja mkononi, na ree nyingine ilikuwa mezani tangu mwanzo. Hakucheka. Alisema tu, "Umeniamini siku isiyofaa, na umenikatalia siku isiyofaa," akazoa kadi. Nilibaki na tano.

Wengine walitoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwenye ndoo. Bi Mwanasha alikuwa akipiga pasi foronya za mito.

"Msaidie mama yako kushika hii," hatimaye akasema, akanipa ncha mbili za shuka kubwa. Tukasimama tukitazamana, shuka limetandazwa katikati yetu.

"Mimi karata sizichezi, na Mungu aniepushe nazo," akasema. "Lakini nina macho, na miezi mitatu mmenijazia chumba. Nikwambie nilichokiona?"

"Niambie, Bi."

"Jana ulikuwa umeshika kitu."

Nilinyoosha ncha zangu za shuka.

"Ulikuwa umeshika kitu. Mtu asiyeshika kitu hatokwi jasho vile. Ukamlipa yule mara ya kwanza, ukamlipa mara ya pili, ya tatu ukakimbia. Sasa nieleze, wewe uliyesoma. Ikiwa ulikuwa ukimwogopa, kwa nini hukukimbia mwanzo, kadi zote sita za mwenzio zingali mkononi? Na ikiwa hukumwogopa, ya tatu ilikuwa na nini kipya? Si ni mtu yuleyule na kelele zilezile? Wewe ulimlipa ili akufukuze."

Tulikunja shuka mara moja, tukasogeleana, tukaachana tena.

"Na leo je," akaendelea, "ulishika nini?"

"Malkia na saba."

"Zina maana?"

"Hazina."

"Kwa hiyo hata kama angekuwa anadanganya, ungemshinda kwa lipi?"

Mwanangu, hapo nililikumbuka daftari. Daftari langu lote, mistari yote ile, halikuwa limeuliza swali hilo hata mara moja. Nilikuwa nimehesabu udanganyifu wa Tindo wiki tatu nzima, sikuwahi kukaa nikajiuliza mimi nimeshika nini.

"Jana uliutazama uso wake," akasema Bi Mwanasha, "na leo umeutazama uso wako, ulivyoaibika. Karata hukuzitazama siku zote mbili. Mtu mkali, mwanangu, kelele zake hazikwambii kwamba ana kitu, na hazikwambii kwamba hana. Kelele ni kelele. Kuna mambo unayoyajua kabla hajafungua mdomo, na hayo ndiyo ya kuamulia." Akalichukua shuka kutoka mikononi mwangu, likawa mraba mdogo, akaliweka juu ya mengine. "Na kadi ya mtu mwingine ukiishika, ishike kwa hesabu yake, siyo kwa hofu yako. Yule mwenyewe alijua sita si kitu, nilimsikia akinung'unika hivyo humu jana asubuhi. Ukamrudishia tatu ili wewe ujisikie vizuri. Astaghfirullahi. Nenda zako ukanywe chai."

Sikunywa chai. Nilitoka nikatembea hadi Kona ya Musa bila sababu, nikasimama mbele ya duka la vitenge kama mtu anayengoja mtu.

Jumamosi ofisi ilihesabu. Jina la Rama lilikatwa, na langu likakatwa chini ya lake. La Tindo halikuguswa. Wageni walipoanza kurudi alifanywa mkubwa wa baa, na sijasikia kwamba lilimpata baya lolote. Nakwambia hivi kwa sababu katika hadithi mnazosimuliwa huwa wakali wanaanguka mwishoni. Wengine hawaanguki, mwanangu. Wanazeeka wakiheshimiwa.

Mimi nilizunguka tena na bahasha yangu mwaka mzima, hadi shule moja huku Msambweni ikanichukua kufundisha hisabati, na hapo ndipo nilipozeekea. Rama sikumtafuta. Munje si mbali. Ningeweza kwenda kwa baiskeli. Kila Jumapili niliamua kwenda Jumapili itakayofuata, na nilipanga maneno ya kumwambia, nikayapanga upya, nikayaona hayatoshi.

Tulionana baada ya miaka minane au tisa, Lunga Lunga, mpakani na Tanzania. Nilikuwa nimekwenda kununua mchele wa kutoka ng'ambo ya mpaka kwa ajili ya arusi ya ndugu yangu, nikamwona mtu akisukuma mkokoteni wa magunia kati ya malori, amekonda, mvi zimemwanza mapema. Alinitambua yeye kwanza.

"Msomi!"

"Rama. Habari za siku nyingi?"

"Salama. Tunasukuma." Akauegemeza mkokoteni, akajifuta kwa kanga kuukuu. Nikamweleza habari ya arusi, nikamwuliza habari za watoto. Akasema mmoja yuko shule, mwenzake walimzika kabla hajafika miaka miwili, mwaka uleule jina lake lilipokatwa, kwa homa. Alilisema kama anavyosema bei ya gunia.

Nikasema, "Rama, siku ile ya karata..."

"Ulikuwa na tisa mbili," akasema.

Malori yalikuwa yakipiga honi, na nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikaa nyuma yako, ndugu yangu. Ulizishika kama mtu anayeshika kitabu, wazi kabisa. Niliziona toka mwanzo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mimi ndiye niliyekuja kwako kwa sababu ninaogopa. Nikasema huyu ana daftari, ana shahada, huyu hataogopa." Alitazama mikono yake. "Kadi hazikuniuma sana. Nilikuwa nimezihesabu kama zimekwenda. Iliyoniuma ni nyingine. Nilipokuona unazitupa nilisema moyoni, basi, kama yeye ameshika kitu na ameogopa, mimi niliyeshika reki ni nani? Msimu ulipoanza hoteli ya jirani waliita watunza bustani, na mke wangu akanisukuma niende. Nilifika getini. Mlinzi akanikemea, nikarudi. Mlinzi tu, Msomi. Hata hakuwa amenikataza. Alinikemea tu."

Akaniaga kwa heshima, akaniambia nimsalimie ndugu yangu anayeoa, akashika mkokoteni wake. Nilimtaka radhi, nikiwa nimechelewa na mgongo wake umeshageuka. Sijui kama alisikia. Nimelifikiria hilo sana, kama alisikia.

Sasa, mwanangu, nisikie ninachokwambia. Sikushauri ukaketi mezani kucheza kamari. Bi Mwanasha, Mungu amrehemu, angefufuka anitandike. Lakini meza utazikuta hata ukizikwepa, na watu wa kuzipiga makofi utawakuta ofisini, kwenye mashamba, hata ndani ya nyumba za ukoo. Atakapokuja mtu wa namna hiyo kukusukuma, usianze kwa kuutafsiri uso wake. Anza kwa kutazama ulichoshika wewe. Kama hukushika kitu, ondoka mapema bila aibu, usisubiri hasira ikupe ujasiri wa uongo kama nilivyofanya mimi Ijumaa. Kama umeshika kitu, hata kama si kikubwa, hata kama ni jozi ya tisa tu, basi kaa chini mapema, kabla sauti haijapanda, ujiulize: huyu ataweka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu; je, niko tayari kwenda naye mpaka ya mwisho? Ukiona hauko tayari, usiilipe hata ya kwanza. Ukiona uko tayari, nenda, na akipiga meza mara ya tatu ukumbuke kwamba uliijua tangu mwanzo na kwamba hakuna jipya lililotokea ila kelele. Huenda ukashindwa. Daftari langu lilisema mara mbili kati ya tatu, na ile moja nayo ipo. Ukishindwa hivyo utaumia, lakini hutaumia kama mimi.

Usilinde kilichokwisha kupotea. Kadi tatu zile nilizozirudisha hazikumfaa mtu yeyote.

Na jambo la mwisho, ambalo halimo katika daftari. Unapoamua, daima kuna mtu ameketi nyuma yako anakuona, na anayaona unayoyashika. Anajifunza kwako namna ya kusimama au namna ya kurudi getini. Hutamsikia. Atakwambia haina neno.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akutulize moyo pale wengine wanapopandisha sauti. Akupe kuona ulichopewa kabla ya kuona ulichonyimwa. Akizipunguza fikra zako, asiipunguze akili yako. Na yeyote atakayeketi nyuma yako, na ainuke kutoka pale akiwa na nguvu kuliko alivyoketi. Amina.